Mche wa Nyuma ya Jiko

Mara ya kwanza kuuona nilikuwa na jembe mkononi, nikitaka kuung'oa. Ulikuwa jani moja tu, jembamba, limesimama wima kama unyasi mgumu, nyuma ya jiko mahali mke wangu anapomwaga maji ya vyombo. Pale huota kila kitu bila kupandwa: nyanya, papai, maboga. Nilidhani ni mtama uliodondoka kwenye ungo. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda akipara sato, magamba yanamrukia mpaka kwenye kitenge.

"Huo uache," akasema bila kuinua kichwa.

"Ni majani haya, mama."

"Uache. Hapo ndipo alipokaa mwanangu."

Sikubishana. Nililima kuuzunguka, nikaegemeza jembe ukutani, nikaingia ndani. Tangu siku hiyo mpaka tulipomlaza mke wangu hospitali mjini Musoma ilipita karibu miaka mitatu, na muda wote huo nilikuwa nauchunguza ule mche nijue ni mti gani. Nataka nieleze kwa nini, maana mtu akisikia juu juu atadhani nilikuwa mzee aliyekosa shughuli.

Aliyekaa pale ni binti yetu wa mwisho. Ameolewa Bunda mjini na kijana Mwislamu, muuza magodoro, akafuata dini ya mumewe. Harusini sikwenda. Nilisema mgongo unaniuma, na mgongo ulikuwa mzima. Baadaye tulipoa kidogo. Akawa anakuja kutusalimia hapa kijijini, upande wa Mugango, na mimi nikawa naongea naye habari za mvua na mihogo. Mwaka mmoja akaja wakati wa Ramadhani. Mwaka huo mfungo wao na Kwaresima yetu viliangukia pamoja, kwa hiyo nyumba nzima tulikuwa tumefunga, kila mtu kwa utaratibu wake. Siku ya pili, jua likielekea kuzama, akatandika mkeka sebuleni, akaweka chupa ya chai na boksi la tende. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, na siku hiyo jumuiya ilikuwa inasali kwangu. Nikawaona wazee wenzangu wanakuja njiani, vitabu vya sala kwapani.

"Hapa leo kuna ibada," nikamwambia. "Hayo mambo yako kayafanyie kule nyuma."

Alikunja mkeka, akachukua chupa na boksi lake, akaenda kufuturu nyuma ya jiko kwenye majimaji. Mama yake akamfuata na hakurudi kusali. Sisi sebuleni tuliimba, tukasoma somo, tukaombea familia zetu. Asubuhi binti akafunga mzigo. Alinisalimu kwa adabu zote, kisha akasema, "Baba, siku ukiniita mwenyewe nitakuja. Usiponiita, mama nitaonana naye Musoma akija sokoni."

Namba yake ninayo kwenye simu. Nilichokosa ni neno la kuanzia. Kwetu sisi, mzee akimpigia mwanawe simu anakuwa na jambo: kuna msiba, kuna mgonjwa, kuna ng'ombe amepotea. Hapigi ili kusema alifanya vibaya. Sijui nani alitufundisha hivyo, lakini nilikuwa nimefundishika vizuri.

Ndiyo maana mke wangu aliposema "hapo ndipo alipokaa mwanangu", nililala nikifikiri. Binti alikula tende pale. Anayekula tende anatema kokwa. Ikiwa lile jani limetoka kwenye kokwa yake, basi nimepata jambo. Nitapiga simu na kusema: tende zako zimeota, njoo uzione. Hiyo ni habari kama habari nyingine, haina kupiga magoti. Akija, atakuwa ameitwa na mimi mwenyewe, kama alivyotaka.

Lakini lazima niwe na hakika. Nikimwita kwa mtende halafu uwe mti mwingine, atajua nilikuwa natafuta kisingizio. Na kweli nilikuwa nakitafuta.

Hapa lazima nieleze jambo la jina. Kwetu huku mti wowote wa jamii hiyo, wenye makuti, watu wanauita mnazi, hata kama hawajawahi kuona nazi nje ya duka. Ila ule unaoota mabondeni, mwembamba, wenye miiba, unaosimama kwa vikundi kando ya vijito, huo jina lake la Kiswahili ni mkindu. Sisi Wakristo wa hapa hatuuiti hivyo. Tunauita mtende, kwa sababu matawi yake ndiyo tunayoyabeba Jumapili ya Matawi, na Injili imesema mitende. Babu zetu waliambiwa watafute mitende, wakatazama bondeni, wakaona ule unaofanana na picha, wakaubatiza. Mimi mwenyewe nilimaliza kidato cha nne bila kujua kwamba mtende wa kanisani kwetu hauzai tende.

Jani la pili lilitoka mvua za vuli zilipoanza. Lilikuwa limekunjwa kwa urefu, gumu, halikuwa na ulaini wa mtama. Jirani yetu, mama mmoja mwenye maneno, akaliona akija kuomba moto.

"Eeh, mzee amepanda mnazi! Tutakuwa tunakunywaga madafu hapa hapa Mugango!"

"Mnazi unaota kwenye nazi," nikamwambia. "Wewe umeona nazi hapo?"

"Labda mmeshaila," akasema, akaondoka na moto wake akicheka.

Alinisaidia bila kujua. Mnazi ukaondoka kwenye mawazo yangu. Mwaka uliofuata bwana shamba akaja kuangalia mihogo yetu yenye ugonjwa. Nilimpeleka nyuma ya jiko. Alichuchumaa, akapiga picha kwa simu, akainuka na furaha kama amepata cheo.

"Mchikichi huu, mzee! Ndiyo zao lenyewe sasa hivi. Ongeza mingine, upande kwa mistari."

"Una hakika?"

"Mzee, mimi nimesomea."

Niliiamini ile picha yake kwa wiki kadhaa na nikawa na huzuni. Mchikichi hauna habari yoyote na binti yangu. Mke wangu akiniletea chai pale nje alinikuta nimechuchumaa kwenye mche, akaweka kikombe juu ya jiwe na kuondoka. Wakati mwingine aliuliza, "Unasemaje leo?" nami nikajibu, "Bado." Magoti yake yalikuwa yameanza kumsumbua, na presha. Safari za Musoma sokoni zikapungua, kisha zikakoma. Alipokoma kwenda mjini, alikoma pia kumwona mwanawe. Waliongea kwenye simu tu. Nilikuwa nakaa upande wa pili wa ukuta nikimsikia anavyocheka, na nilijua mtu wa kufungua mlango huo ni mimi peke yangu.

Makuti ya mche yalipoanza kupasuka na kuwa vijani vidogo vidogo pande mbili kama manyoya ya kuku, nilikata moja, nikaliweka kwenye bahasha ya kaki, nikaenda Butiama. Kule yupo mtu niliyesoma naye sekondari. Alifundisha baiolojia mpaka akastaafu, na sasa anafuga ng'ombe na kubishana na redio. Sisi ni watani tangu tukiwa shuleni.

"Watu wa ziwani," akasema aliponiona na bahasha, "kitu kisichokuwa na magamba ninyi mnakijulia wapi? Lete."

Alilishika lile jani kama mtu anayeshika karatasi ya mtihani. Akaninyooshea kijani kimoja.

"Angalia kilivyokunjwa. Kimekunjwa kwenda juu, kama mfereji. Ukimwagia maji yatakaa. Mnazi na mchikichi vijani vyake vimekunjwa kwenda chini, kama paa la nyumba, maji yanateleza. Na hapa chini karibu na shina, vijani vimegeuka miiba. Unaona? Bwana shamba wako alipiga picha, hakugusa."

"Kwa hiyo ni mtende."

"Ni mtende au mkindu. Hao ni ndugu wa tumbo moja, wakiwa wadogo hata mama yao angekosea. Ungechimba taratibu ile miezi ya mwanzo ungeikuta kokwa bado imeshikana na mzizi. Ya tende ndefu, ina mfereji. Ya mkindu ndogo kama punje ya kahawa. Sasa hivi imeshaoza."

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Miezi ya mwanzo nilikuwa nauzunguka ule mche na jembe, na jibu lilikuwa kiganja kimoja chini ya udongo.

"Hakuna njia nyingine?"

"Rangi. Mtende una ukijivu, kama umepakwa majivu. Mkindu ni kijani kibichi. Nenda utafute mtende wenyewe, ulinganishe. Pale Bunda kuna msikiti una mmoja uani." Akanitazama. "Lakini wewe una nini na huu mti? Unataka kufungua Arabuni?"

Sikumwambia. Nilisema ni udadisi tu. Ni mtu ambaye angenicheka kwanza na kunisaidia baadaye, na mimi sikuweza kungoja hiyo baadaye.

Juma lililofuata nikaenda Bunda. Msikiti ule upo kwenye mtaa wa maduka, na duka la magodoro la mkwe wangu lipo mtaa huo huo, upande wa pili, mbele kidogo. Nilijua. Nilishuka stendi nikazunguka kwa nyuma ili nitokee upande wa msikiti. Mtende ulikuwa karibu na ukuta, makuti yake yamepita juu ya ukuta mpaka barabarani. Nikatoa jani langu kwenye bahasha, nikaliinua, nikaanza kulinganisha. Jani langu lilikuwa kijani. La msikitini lilikuwa la kijivu. Nikajiambia hilo ni vumbi la barabara. Nikaufikia ukuti mmoja, nikaupangusa kwa kidole gumba. Vumbi lilitoka, na chini yake ulikuwa bado wa kijivu. Nikajiambia vumbi halikutoka lote.

Mzee mmoja wa makamo yangu, kofia ya kiua kichwani, alikuwa ameketi kwenye baraza ya msikiti akinitazama.

"Assalaam aleikum, mzee mwenzangu. Umepoteza kitu?"

"Hapana. Natazama mtende."

"Tazama, hauumi. Umetoka wapi?"

"Mugango."

Akapiga makofi ya mshangao. "Umetoka ziwani kote huko kuja kuusalimia mti? Huna hata ndugu hapa Bunda?"

Nilisema sina. Nilisema hivyo na duka la binti yangu naliona, magodoro ya bluu yamesimamishwa mlangoni. Yule mzee akasema, "Basi karibu tena, mti haukimbii." Nikarudisha jani kwenye bahasha, nikarudi stendi kwa njia ile ile ya nyuma. Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba rangi haijakomaa, tusubiri mwaka mmoja zaidi.

"Umemwona?" akauliza.

"Nani?"

Akachukua fimbo yake, akaingia ndani.

Kwaresima iliyofuata vijana wa kwaya walikuja asubuhi nikiwa nanyoa ndevu nje. Kiongozi wao, msichana mrefu mwenye sauti kubwa, akasimama getini.

"Shikamoo mzee! Tunaomba mtende, kesho ni Matawi."

"Marahaba. Nendeni mkakate, si mnajua ulipo?"

Nilikuwa na maana ya kichaka kilicho bondeni kwenye shamba langu, wanakokata kila mwaka. Nikaendelea kunyoa, kioo mkononi. Nikasikia panga mara mbili, tatu, karibu mno. Nilipofika nyuma ya jiko, sabuni shavuni, walikuwa wameshamaliza. Mche ulikuwa kisiki cha urefu wa kidole. Makuti yote yalikuwa mikononi mwao.

"Huo siyo!" nikapiga kelele. "Nilisema mtende!"

Msichana akatazama makuti, akanitazama. "Mzee, si ndiyo huu? Si mtende? Tumeona ya nini twende mpaka bondeni na upo hapa."

"Huo ni mtende! Wa bondeni ndiyo... wa bondeni siyo mtende!"

Vijana walitazamana. Mmoja akageuka pembeni mabega yakimtikisika kwa kicheko. Niliona jinsi nilivyoonekana: mwenyekiti wa jumuiya, nusu ya uso ina povu, akikana mbele ya wanakwaya kwamba mtende si mtende. Niliwaambia waende. Walikuwa hawana kosa. Neno nililowapa ndilo walilolikata.

Nilijiandaa kwa machozi ya mke wangu. Nilidhani atanilaumu, na ningestahili. Alikuja akijivuta kwa fimbo yake, akaangalia kile kisiki, kisha akaniangalia mimi kwa muda mrefu.

"Basi," akasema. "Sasa utangoja nini?"

Sikumwelewa. "Utachipua tena," nikamwambia. "Moyo wake uko chini, panga halikuufikia."

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa asiyejua anaumwa, akarudi ndani.

Na kweli ulichipua. Baada ya majuma machache ukatoka ukuti mpya katikati, na ncha zake zote zilikuwa zimekatwa sawasawa kama kwa mkasi, maana panga lilipopita ukuti huo ulikuwa umekunjwa ndani ukisubiri. Nikafurahi kama mtoto. Pembeni yakajitokeza machipukizi mawili. Nikampigia rafiki yangu wa Butiama kumuuliza. Akasema mkindu hutoa machipukizi, lakini mtende nao hutoa, kwa hiyo hiyo si hoja. Nikaipenda sana hiyo "si hoja". Ilinipa mwaka mwingine.

Mwaka huo sikuupata. Mke wangu alianguka jikoni wakati anakoroga ugali. Nilipomwinua, mkono wake wa kushoto ulikuwa umekataa na mdomo umevutwa upande. Jirani mwenye gari akatukimbiza Musoma. Mwanangu mkubwa, anayekaa Nyakato pale pale Musoma, akatupokea hospitali, na ndiye aliyempigia dada yake. Mimi sikupiga. Hata siku hiyo, nikiwa na jambo kubwa kuliko yote, simu ilikaa mfukoni mwangu nikimwachia mwanangu.

Asubuhi nilipoingia wodini nilimkuta binti yangu ameketi kando ya kitanda, anamnywesha mama yake uji kwa kijiko. Alikuwa amenenepa kidogo. Mtandio wake ulikuwa umeteleza begani na hakujishughulisha kuupandisha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda cha pili kilichokuwa wazi. Miaka yote nilikuwa nimeandaa sentensi moja, na ndiyo iliyotoka.

"Tende zako zimeota kule nyumbani."

Kijiko kilisimama. "Tende zipi?"

"Zile ulizokula mwaka ule. Kokwa ulizotema nyuma ya jiko. Umeota mtende. Bado sijawa na hakika kabisa, lakini..."

"Baba," akasema taratibu, "zile tende hazikuwa na kokwa. Zilikuwa zile za boksi, zimeshatolewa kokwa kiwandani. Mbona nilimwambia mama zamani sana?"

Nikamgeukia mke wangu. Alikuwa amelalia mto, uji kwenye kona ya mdomo, macho yake yananitazama bila kukwepa. Maneno yalimtoka mazito, moja moja.

"Nilijua. Mwaka ule ule."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

Alipumzika kwanza. "Kabla ya ule mti ulikuwa humtaji. Ulipoanza kuuangalia, ukawa unamtaja. Nikasema niache. Atachoka kuangalia, atapiga."

Binti aliweka bakuli chini. Alianza kucheka, halafu kicheko kikakatika njiani.

"Kwa hiyo hicho ndicho ulichofuata Bunda," akasema. "Mzee mmoja wa msikitini, anayejua kwetu ni Mugango, alikuja dukani, akaniambia kuna mzee wa Mugango amesimama pale na jani kwenye bahasha, amesema hana ndugu hapa Bunda. Nikamweleza sura yako, akasema ndiye. Nikatoa kiti nje. Nilikaa pale mlangoni, baba, mpaka gari la mwisho la Musoma likaondoka. Nilidhani umezunguka tu, unatafuta ujasiri, utatokea."

Nesi akaingia kupima presha, ikawa ahueni. Nikatoka barandani. Baada ya muda binti akatoka pia, akasimama kando yangu. Tulitazama watu wakifua kanga kwenye bomba. Nilimwambia nilichopaswa kumwambia siku ile ile alipokunja mkeka: kwamba nilimkosea, kwamba wale wazee walikuwa wanakuja na niliona aibu.

"Nilikuona una aibu," akasema. "Ungekuwa na hasira ingekuwa nafuu."

"Njoo nyumbani."

"Nitamleta mama."

Alimleta kweli, daktari alipomruhusu. Alikaa kwetu majuma kadhaa, akilala chumbani kwa mama yake, akimkanda mkono kwa maji ya moto, akimfundisha upya kushika kikombe. Aliswali pale pale chumbani. Nilimwambia sebule ni yake akitaka. Akasema, "Asante baba, hapa panatosha," kwa adabu ile ile niliyoijua, ambayo haina pa kushika. Chakula alinitengea. Maswali alinijibu. Siku moja alikwenda nyuma ya jiko na ndoo, akauona mche, ambao kwa wakati huo ulikuwa umejaa miiba na machipukizi matatu.

"Ndiyo huu?"

"Ndiyo."

"Ndege wameutoa bondeni huu, baba. Utakuchoma ukipita na giza." Akamwaga maji yake kando na kurudi ndani.

Huo ndio ulikuwa utambuzi wenyewe. Mkindu, mti ambao kijiji kizima kinao. Rafiki yangu wa Butiama alinipa nusu ya jibu, ukuta wa msikiti ukanipa nusu nyingine, na mimi nilizikataa zote mbili kwa sababu jibu lingenilazimisha kupiga simu nikiwa mikono mitupu. Katika muda huo mke wangu alipoteza magoti, akapoteza mkono, na akakosa kukaa na mwanawe jikoni kwake mwenyewe akiwa mzima. Hakuniambia neno la lawama hata moja. Anaongea kidogo siku hizi, na maneno yake anayatumia kuomba maji au kuuliza kama kuku wamefungiwa.

Siku binti anarudi Bunda nilimsindikiza mpaka barabarani nikiwa nimebeba mfuko wake wa dagaa. Bodaboda ilikuwa inangoja. Alikaa kwa upande, akafunga mtandio vizuri.

"Nitapiga," nikamwambia.

"Piga. Ila usinipigie kuniuliza mama anaendeleaje, maana unaye hapo. Utanichekesha bure."

Pikipiki ikaondoka.

Ilinichukua siku nyingi, nakiri. Nilikuwa naitoa simu, naitazama, natafuta jambo: mvua, bei ya pamba, mjomba wake aliyeumwa jino. Kila jambo nililolipata nililiona ni mkindu mwingine. Mwishowe nikapiga mchana, mke wangu amekaa mlangoni anaota jua, nikiwa sina kitu chochote kichwani.

"Baba!" Sauti yake ilikuwa na hofu. "Mama amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Yupo hapa anaota jua."

"Sasa kuna nini?"

"Hakuna. Nimekupigia wewe."

Nikasikia pikipiki zikipita mbele ya duka lake, mtoto akilia, mtu akiuliza godoro la futi tano kwa sita.

"Subiri kidogo, baba," akasema. "Usikate. Kuna mteja."

Akaweka simu juu ya kitu kigumu. Nilimsikia akimbishia yule mteja, akacheka, akamwambia alibonyeze mwenyewe kwa mkono kama hamwamini. Sikuwahi kumsikia akiwa kazini. Mke wangu akaniuliza kwa jicho ni nani. Nikamwonyesha kwa mkono anyamaze, nikaikandamiza simu sikioni.